Msiwatoe Darasani kwa Sababu ya Bango: Barua ya Wazi kwa Mabruda Walimu wa Kanda ya Ziwa

Wanangu mabruda,

Tumsifu Yesu Kristo.

Anayewaandikia ni mwalimu mstaafu, muumini wa kawaida asiyewahi kuvaa kanzu ya shirika lolote, ila nilisomeshwa na mabruda, nikafundisha pamoja na mabruda, na baadhi yao nimewasindikiza hadi kwenye makaburi ya misheni. Ningependa barua hii iwe ya pongezi, kwa sababu wengine wenu nawafahamu tangu mkitumikia altareni, na mlipoweka nadhiri zenu za kwanza nilikuwa nimeketi benchi moja na mama zenu. Lakini nimeudhika, na nimeona ni heri niseme hadharani kuliko kuendelea kunung'unika barazani, maana wazee wa rika langu tumenung'unika vya kutosha na hakuna mtoto aliyefaidika.

Kilichoniudhi nilikiona kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule mojawapo ya Kanisa katika mkoa wetu wa Mwanza, ambayo sitaitaja kwa sababu haiko peke yake. Getini palikuwa na bango refu lenye picha za wahitimu wa miaka iliyopita na hesabu ya madaraja yao. Daraja la kwanza lilikuwa limeandikwa kwa tarakimu kubwa kuliko jina la mtakatifu somo wa shule, na mwishoni kabisa, kwa rangi nyekundu, paliandikwa: "SIFURI: 0", yaani hakuna aliyefeli. Risala iliposomwa hadi kwenye sifuri hiyo, ukumbi wote ulilipuka kwa vigelegele. Kando yangu alikaa baba mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliyekuja kwa ajili ya mpwa wake, naye hakupiga makofi. Mwanawe alikuwa katika darasa hilohilo hadi mwisho wa kidato cha tatu. Siku ya kufunga shule kijana alikabidhiwa barua kwamba wastani wake haukufikia kiwango cha shule, hivyo hatasajiliwa hapo kwa mtihani wa taifa, na mzazi achague ama arudie darasa ama amtafutie shule nyingine.

Siku hiyo ya kufunga shule nilikuwa nimefika pale kwa shughuli zangu, nikamkuta kijana huyo getini amekaa juu ya tranka lake, godoro amelikunja na kulifunga kwa kamba ya katani, akisubiri bodaboda atakayekubali kubeba vyote viwili. Aliniamkia vizuri. Nilipomwuliza mbona amebeba hadi godoro ilhali ni likizo tu, alinionyesha barua. Ilikuwa na muhuri, na saini ilikuwa ya mwalimu wa taaluma, ambaye ni bruda mwenye nadhiri za daima, kijana mchapakazi, mtu wa sala, ninayempenda. Hapo ndipo penye uchungu. Angekuwa mfanyabiashara aliyefungua shule kama mtaji wake, ningesikitika tu nikaenda zangu.

Sifuri ile haikutokana na kufundisha. Anayejisifu kwa sifuri ya namna hiyo hana tofauti na mganga mkuu anayetangaza kwamba katika wodi zake hakufi mtu, kumbe wagonjwa mahututi hupelekwa nje ya geti kabla hakujapambazuka. Watoto wale hawakupata sifuri kwenu kwa sababu waliipata kwingine, kwenye vituo vya watahiniwa wa kujitegemea, ambako hakuna bruda wala daftari lililosahihishwa. Na wengine hawakufanya mtihani kabisa, wako mialoni wakianika dagaa na kubeba barafu.

Waanzilishi wa mashirika yenu mnaadhimisha sikukuu zao kwa Misa, pilau na mashindano ya mpira, kwa hiyo naomba niwakumbushe walikuwa watu gani. Marcellin Champagnat, mwanzilishi wa Mabruda Wamaristi, alizaliwa Marlhes, Ufaransa, mwaka 1789, mwaka uleule wa mapinduzi. Siku yake ya kwanza shuleni mwalimu alimwita mbele asome. Mtoto mwingine akamtangulia kwa kiherehere, na mwalimu akamzaba mtoto huyo kofi mbele ya darasa zima. Marcellin alirudi nyumbani akakataa katakata kukanyaga tena shule ile. Akakua kwenye kazi za shamba na kondoo, kusoma na kuandika kukiwa ni kwa shida. Mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia seminari ndogo ya Verrières, akakaa dawati moja na watoto waliomzidi masomo na kupungukiwa umri, na mwisho wa mwaka wa kwanza aliambiwa asirudi kwa sababu masomo yalikuwa yamemshinda. Kwa lugha yenu ya leo, wastani haukufika. Alirudi seminari kwa sababu mama yake hakukubali. Mama huyo aliongozana naye kwa miguu kwenda kuhiji La Louvesc, watu wakamtetea kwa wakuu wa seminari, nao wakalegeza msimamo. Akapewa upadre mwaka 1816. Miezi michache baadaye aliitwa kumhudumia kijana aliyekuwa akifa, Jean-Baptiste Montagne, akakuta kwamba kijana huyo amefikia ukubwa ule bila kufundishwa chochote juu ya Mungu. Tarehe 2 Januari 1817 akawakusanya vijana wawili wa kwanza katika nyumba ndogo ya La Valla, na huo ndio ukawa mwanzo wa shirika. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu mwaka 1999. Sasa niambieni: kama Verrières ingekuwa na bango getini, na mwalimu wa taaluma asiyesikia la mama mtu, Wamaristi wangetoka wapi?

Mtaniambia kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba mwanafunzi mzito hamna muda naye, kwa kuwa mtaala ni mpana na siku ni fupi. Bruda aliyenifundisha hesabu naye hakuwa na muda. Alitoka mbali, Kiswahili chake hakikunyooka mpaka anazeeka (ngeli zilimshinda kabisa, "kitabu yangu" ilikuwa ya kila siku, nasi tulicheka kwa kificho), na mbali ya vipindi vyake alisimamia bustani, pampu ya maji na duka la madaftari. Alikuwa na daftari la jalada gumu ambalo ndani yake hamkuwa na alama hata moja. Mbele ya kila jina aliandika kosa ambalo mwanafunzi huyo hulirudia: huyu husahau kubeba, huyu hujumlisha kabla ya kuzidisha, huyu anajua lakini anaogopa kuitwa ubaoni. Mbele ya jina la mwenzetu mmoja kutoka Ukerewe, ambaye walimu wengine walikwisha kumwita mzigo wa darasa, aliandika kwamba tarakimu 3 huinakili kama 8, na 1 kama 7. Jioni moja akamwita, akamsimamisha nyuma ya darasa, akamwambia asome kilichoandikwa ubaoni. Hakuweza. Kesho yake alihamishiwa dawati la mbele, na likizo ilipofika bruda alimpeleka mwenyewe mjini kupimwa macho. Mwenzetu huyo amestaafu akiwa fundi wa mitambo ya meli katika ziwa hili. Hakuna semina ya ufundishaji niliyohudhuria maishani iliyonifunza zaidi ya daftari lile.

Miaka mingi baadaye niligundua kwamba bruda hakulibuni jambo hilo kichwani mwake. Jean-Baptiste de La Salle, mwanzilishi wa Mabruda wa Shule za Kikristo, ambaye mabruda walimu wote wamechota kisimani kwake hata kama si wa shirika lake, aliandaa pamoja na mabruda wake wa kwanza mwongozo wa kuendesha shule, mwanzoni mwa karne ya 18. Mwongozo huo unamtaka mwalimu awe na orodha ya wanafunzi inayoeleza tabia ya kila mmoja, nzuri na mbaya, ili ajue namna ya kumshika. Utoro umechambuliwa sababu baada ya sababu: zinazotokana na mtoto, zinazotokana na wazazi, na, someni vizuri wanangu, zinazotokana na mwalimu mwenyewe. Mtu huyo alikuwa kanoni, yaani padre mwenye cheo katika baraza la kanisa kuu la Reims, mtoto wa familia tajiri. Aliacha cheo hicho mwaka 1683, na njaa ilipoingia muda si mrefu baadaye aliwagawia maskini mali yake badala ya kuiweka kuwa hazina ya shule zake. Alifundisha watoto wa mafundi na maskini bila ada, kwa Kifaransa walichokisikia majumbani mwao, wakati shule za heshima zilianza na Kilatini. Mwaka 1950 Papa Pius XII alimfanya kuwa msimamizi wa walimu wote. Nadhiri ya kuwatumikia maskini kwa njia ya elimu imo katika nadhiri za mabruda wake hadi leo. Sijaona mahali ambapo wastani umetajwa.

Kuna mwingine ambaye namtaja kwa ajili ya wale walimu wenzenu mnaowasema vibaya chumba cha walimu. Mutien-Marie Wiaux, mtoto wa mhunzi wa Ubelgiji, aliingia utawa akiwa kijana wa miaka 15, na alipopewa darasa hakuweza kulituliza. Wanafunzi walimchezea, na wakuu wa chuo cha Malonne wakafikia hatua ya kufikiria kumwondoa. Bruda mwenzake alimtetea, akaomba amchukue kuwa msaidizi katika muziki na uchoraji, masomo ambayo Mutien hakuwa na kipaji nayo pia, akayasomea kwa jasho. Alikaa Malonne miaka 58, hadi kifo chake mwaka 1917, akisimamia mapumziko, akifundisha vidole vya watoto kinanda, akisali rozari. Mwaka 1989 alitangazwa mtakatifu. Fanyeni hesabu ninyi mlio na kamati za nidhamu.

Na kama hao wa Ulaya mnawaona wa mbali mno, yupo wa zama zangu mimi. James Miller, mtoto wa mkulima wa Wisconsin, Marekani, bruda wa De La Salle, alizaliwa mwaka 1944. Alikwenda Nicaragua mwaka 1969, akafundisha na kusimamia ujenzi wa shule za vijijini kwa miaka 10, kisha wakuu wake wakamwita nyumbani kwa sababu ya vita. Hakutulia mpaka aliporuhusiwa kurudi Amerika ya Kati, na Januari 1981 akapelekwa Huehuetenango, Guatemala, kwenye nyumba ya vijana wa Kimaya (wenyeji wa asili) waliotoka vijijini kuja kusoma na kujifunza kilimo. Alikuwa bruda wa vipindi na wa nyundo pia: kilichoharibika, yeye ndiye aliyekitengeneza. Siku zile jeshi lilikuwa likiwakamata vijana na kuwaandikisha kwa nguvu, hata wanafunzi, na mabruda wakawa wanafuatilia ili wanafunzi wao waachiwe, jambo ambalo wengi wanaamini ndilo lililowaponza. Alasiri ya tarehe 13 Februari 1982, akiwa juu ya ngazi anatengeneza ukuta, watu waliofunika nyuso zao walimpiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 37. Waliomwua hawakupata kuhukumiwa. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 7 Desemba 2019, palepale Huehuetenango. Mabruda wale waliwadai wanafunzi wao mikononi mwa watu wenye bunduki. Ninyi mnawatoa wenu kwa hiari, kwa barua yenye muhuri.

Nimesema kwa ukali, na sitaki kuwaonea. Bango lile hamkulitundika peke yenu. Sisi wazazi ndio tunaopita getini tukihesabu madaraja kabla hatujauliza kama shule ina maktaba au mtu wa kumsikiliza mtoto aliyefiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tumesifu mno. Baraza la Mitihani lilipoacha, mwaka 2023, kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, walioona wamenyang'anywa kitu walikuwa wazazi wenye uwezo na wenye shule, huku baba wa dagaa hakujua hata kama orodha ilikuwepo. Mwalimu Nyerere, ambaye kabla ya siasa alifundisha Mtakatifu Maria Tabora na Mtakatifu Fransisko Pugu, alilalamika katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwamba shule zetu zimejengwa kwa ajili ya wachache watakaoendelea mbele, na wengi wanaobaki hujiona wameshindwa. Sheria ya mwaka 1969 ikazitia shule za misheni mikononi mwa Serikali, na Kanisa liliporuhusiwa baadaye kufungua nyingine, lilizifungua bila ruzuku, kwa ada. Najua bei ya unga na maharage ya bweni zima, najua walimu walei wanadai mishahara yao, na najua baadhi ya maaskofu na wakuu wa mashirika huuliza matokeo kabla ya kuuliza habari. Shinikizo hilo ni la kweli. Lakini ninyi mmeweka nadhiri ya ufukara, na mtu mwenye nadhiri hiyo anaruhusiwa kuwa mkuu wa shule ya kumi na tano kimkoa bila kufa kwa aibu.

Lipo pia lile swali linalowatesa kila mnapokwenda likizo nyumbani: "Mbona hukuwa padre?" Shangazi analiuliza, katekista analiuliza, na nimesikia hata padre mmoja akiliuliza kwa mzaha mezani. Nashuku kwamba baadhi yenu mnatafuta heshima kwenye bango kwa sababu hamkuipata altareni. De La Salle alikusudia mmoja wa mabruda wake, Henri L'Heureux, apewe upadre, akampeleka kusoma teolojia. Bruda huyo akafariki ghafla mwaka 1690, na mwanzilishi akalisoma tukio hilo kama jibu: mabruda wake wasiwe mapadre, watumie nguvu zao zote darasani. Na kwetu hapa, kumbukeni kwamba msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika ulipofika Kageye, kusini mwa ziwa hili, mwishoni mwa mwaka 1878, waliotangulia kuvuka kwa mtumbwi kwenda Buganda walikuwa wawili, Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans. Wakashuka Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Lourdel, waliyemwita Mapeera, anajulikana na kila Mkatoliki wa Uganda. Amans hutajwa baada yake, inapokumbukwa kumtaja, na mtumbwi aliovuka nao ulikuwa uleule.

Mengine nayataja kwa haraka, maana mmekwisha kuyasikia kwenye malezi ya unovisi. Jifunzeni Kisukuma, Kikerewe au Kijita kwa kadiri mlipo, hata kama mlizaliwa Moshi au Songea, kwa sababu bibi wa mwanafunzi hatawaeleza shida ya nyumbani kwa Kiswahili cha risala. Msikae nyumba moja mtu mmoja. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, aliagiza wamisionari wake wasipungue watatu katika kituo, na alikuwa na sababu zake. Hesabu za fedha za shule ziwekwe wazi kwa bodi. Kiboko kiacheni. Simu zikae mfukoni wakati wa kusimamia masomo ya jioni. Pombe mnaijua wenyewe.

Narudi kwa baba wa dagaa, maana barua hii nimeiandika kwa sababu yake. Kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa Baraza la Mitihani, naomba kila mkuu wa shule yenye mabruda achukue orodha ya waliopungukiwa na wastani, asiipeleke kwenye kikao cha kuwaondoa bali agawe majina hayo kwa mabruda wa jumuiya yake, watatu au wanne kwa kila mmoja, na kila bruda afike nyumbani kwa watoto wake kabla ya muhula kuanza: Igoma, Buhongwa, Kayenze, ng'ambo ya Busisi, popote walipo. Walimu wastaafu wa hisabati na Kiingereza tupo mjini hapa, wengine tumechoka kukaa bila kazi, na tumekubaliana kufundisha Jumamosi bila malipo kwa shule itakayotuita. Tuleteeni chaki na orodha. Kwenye mkutano wa wazazi wa mwaka huu nitakuwepo, na nitaomba yasomwe majina ya walioingia kidato cha kwanza pamoja na waliofanya mtihani wa kidato cha nne, orodha mbili, moja baada ya nyingine.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Nyegezi, Mwanza